Ufa Wetu Hauzibiki, Umebaki Ukuta

Maneno haya niliyasema Nakuru siku ya kufunga darasa la likizo ya Agosti, ambapo vijana wa sekondari hujifunza jinsi nyumba inavyostahimili tetemeko la ardhi, mbele ya wazazi, walimu na mafundi wa ujenzi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, ila nimepunguza marudio.

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi, mafundi mliofunga kazi mapema leo ili mje hapa, na nyinyi vijana wa meza ya nyuma mnaodhani siwaoni: hamjambo?

Nianze na lawama. Wiki ya kwanza mama mmoja alinipigia simu saa mbili usiku. Akasema, "Mwalimu, mimi nimemleta mtoto asome. Jana karudi na gundi kwenye nywele. Leo ananiambia mmeshinda mkivunja nyumba za vijiti. Hiyo ndiyo fizikia?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama, ndiyo yenyewe." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole wa kuogopesha, "Na baada ya kazi yote ya kuzijenga, mnazivunja kwa nini?"

Mama huyo yuko hapa. Sitamwonyesha kwa kidole. Nimekuja kumjibu, kwa maana usiku ule nilibabaika.

Kuna methali ambayo kila mtoto wa darasa la nne anaijua: usipoziba ufa utajenga ukuta. Walioitunga hawakuwa wakaaji wa Nakuru. Sisi tunaishi katika bonde ambalo ufa ndilo jina lake. Ufa huu unatoka Ethiopia, unapita Turkana na Baringo, unatupitia hapa, unakwenda Naivasha na Magadi hadi Tanzania, na kila mwaka unapanuka kwa milimita chache, polepole kuliko ukucha wa kidole unavyoota. Mvuke mnaouona ukitoka kwenye volkeno ya Menengai asubuhi ya baridi, ule ambao wazee walisema ni roho zilizopotea njia, unatoka kwenye joto lililoko chini ya ufa huohuo. Hakuna saruji ya kuuziba. Kwa hiyo katika methali ile sisi tumeachiwa nusu ya mwisho tu, ukuta. Na darasa letu la wiki mbili limehusu jambo hilo moja: ukuta gani?

Kuna wanaosema tetemeko la ardhi ni mambo ya Japani. Tarehe 6 Januari 1928, usiku, ardhi ilipasuka Subukia, hapa hapa katika kaunti yetu. Tetemeko lile lilikuwa la kipimo cha 6.9, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa nchini Kenya. Mpasuko ulionekana juu ya ardhi kwa karibu kilomita 38, ukifuata ukingo wa Laikipia na Marmanet, na mahali pengine upande mmoja ulishuka zaidi ya mita 2 ukauacha mwingine juu. Mita 2! Mtu mrefu akisimama chini hakuoni wewe uliyeko juu mpaka ainue shingo. Wakati ule Subukia ilikuwa na watu wachache, na nyumba za wengi zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Paa la nyasi likikuangukia unatoka, unajipangusa, unatafuta mbuzi wako.

Leo hii sensa ya 2019 imetuhesabu zaidi ya 570,000 katika mji huu peke yake, na juu ya vichwa vyetu hakuna nyasi.

Mfano wa karibu zaidi ni Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga Kagera, na baadhi ya jamaa zetu wa magharibi mwa Kenya walilisikia. Lilikuwa na nguvu ndogo kwa kama mara 30 kuliko lile la Subukia, maana kila namba moja ya kipimo hiki huzidisha nguvu kwa kiasi hicho. Hata hivyo zaidi ya watu 15 walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Nyingi zilikuwa nyumba za matofali yaliyopangwa juu ya udongo, bila chuma cha kuyashikanisha. Hizo ni nyumba tunazozijua. Ukitoka hapa kwenda Rhonda au Kaptembwo kwa miguu utahesabu za namna hiyo mpaka uchoke.

Siku ya pili ya darasa niliandika mistari miwili ubaoni. Haiti, 12 Januari 2010, kipimo cha 7.0, waliokufa zaidi ya 100,000. Chile, 27 Februari 2010, kipimo cha 8.8, waliokufa kama 500 na ushee. Sikusema neno. Nikawaacha wapige hesabu wenyewe, nao wakagundua kwamba tetemeko la Chile lilikuwa na nguvu karibu mara 500 ya lile la Haiti. Darasa likawa kimya. Kisha msichana mmoja wa Kidato cha Tatu akainua mkono akauliza, "Kwa hivyo Haiti ni mafundi?"

Mafundi mlioko hapa, msinikasirikie. Nilimwambia hapana, si fundi peke yake. Kuna aliyechora, kuna aliyeidhinisha, kuna aliyenunua nondo, kuna mwenye nyumba aliyesema "malizia haraka, wapangaji wanaingia mwezi ujao." Fundi ndiye wa mwisho katika foleni hiyo, na kwa sababu mkono wake ndio unaoonekana, lawama humwangukia yeye. Lakini swali la msichana yule lilinipa ratiba ya siku zote zilizobaki. Nilikuwa nimepanga kufundisha mawimbi ya tetemeko kwa siku tatu. Nikayafanya kwa asubuhi moja, tukashuka kwenye nyumba.

Nikiri kwamba darasa la kwanza nililofanya, miaka kadhaa iliyopita, lilikuwa balaa. Niliwasomea maana za maneno kwa siku tatu mfululizo: kitovu, mpasuko, kipimo, wimbi la kwanza, wimbi la pili. Vijana wakalala. Wengine walilala kwa heshima, kalamu ikiwa mkononi. Siku ya nne nusu yao hawakurudi, nami siwalaumu. Likizo ni yao. Nchi za nje wanaita programu hizi za majira ya joto. Sisi Agosti ya Nakuru ni baridi ya kuvaa sweta mbili, na mtoto akiacha blanketi lake asubuhi ya namna hiyo anastahili kukuta kitu kinachotikisika.

Kule California kuna mpango wa jimbo uitwao COSMOS, ambapo wanafunzi wa sekondari hukaa chuo kikuu wiki nne za likizo wakisoma sayansi na uhandisi. Mjini San Diego chuo kikuu kina meza ya kutikisa iliyo nje, kubwa kiasi kwamba mwaka 2023 waliweka juu yake jengo zima la mbao la ghorofa 10, wakalitikisa kwa mitetemo iliyorekodiwa katika matetemeko ya kweli. Japani, huko Miki, kuna meza ya mita 20 kwa 15 inayobeba mzigo wa tani 1,200. Waliijenga baada ya tetemeko la Kobe la 1995 kuua zaidi ya watu 6,000.

Meza yetu ni ile pale. Ni vipande viwili vya plaiwudi, katikati kuna gololi, bano kama tunavyoziita hapa, na pembeni imefungwa kwa blada zilizokatwa kwenye tyubu kuukuu za baiskeli. Drili ya fundi mmoja aliyetuazima ndiyo injini. Tukiizungusha polepole meza inayumba kwa starehe, tukiongeza mwendo inachachawa. Simu iliyofungwa juu yake hutuandikia mchoro wa mtikisiko, kwa sababu simu nyingi za siku hizi zina kihisi cha mwendo ndani. Gharama yake haifiki bei ya sare moja ya shule. Mzungu hujenga nyumba ya darasani kwa spageti na peremende laini. Nilijaribu mwaka mmoja, nikapata simu nyingine ya mzazi, safari hii kuhusu kuchezea chakula, nami nilikubaliana naye mia kwa mia. Siku hizi tunatumia vijiti vya mishikaki.

Vijana hawa wa nyuma sikuwafundisha mtikisiko kwa kanuni ya Newton kwanza. Niliwauliza, mkiwa mmesimama ndani ya matatu na dereva aondoke ghafla, nini hutokea? Wote wanajua. Miguu inakwenda na gari, kichwa kinabaki stendi. Basi ardhi ni gari, msingi ni miguu, paa ni kichwa. Tetemeko haliisukumi nyumba, linaondoka na miguu yake. Na kichwa kikiwa kizito, shingo ndiyo inayolia.

Kutoka hapo walinipita. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, na tangi?" Nikamuuliza tangi gani. Akanionyesha dirishani. Hapa kwetu maji ya mfereji huja kwa zamu, na kila mwenye ploti ameweka tangi juu ya nyumba. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5. Hapo ni kama umempandisha ndovu dume kwenye dari, mnyama ambaye hata mbuga yetu ya Ziwa Nakuru haina, halafu ukamwomba asimame imara nyumba ikiyumba. Walipoweka chupa ya maji juu ya nyumba yao ya vijiti, ile iliyokuwa imestahimili kila kitu, ilianguka kwa sekunde tatu. Sijawahi kuona watoto wakifurahia hasara namna ile. Jioni hiyo, naambiwa, wazazi kadhaa waliulizwa maswali magumu kuhusu tangi.

Tulifanya pia jaribio la vijiti vitatu, kirefu, cha kati na kifupi, kila kimoja na donge la udongo kichwani, vyote vimesimama kwenye ubao mmoja. Ukitikisa ubao haraka haraka, kifupi ndicho kinachocheza na kirefu kimetulia kama mzee barazani. Ukitikisa polepole, kirefu kinapagawa na kifupi kinakutazama tu. Kila nyumba ina mdundo wake. Kwa makadirio ya harakaharaka, kila ghorofa huongeza kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mdundo wa ardhi ukikutana na mdundo wa nyumba, mtikisiko unajilimbikiza, na ngoma ikivuma sana hupasuka. Ndicho kilichotokea mji wa Mexico tarehe 19 Septemba 1985. Tetemeko lilitokea pwani, zaidi ya kilomita 350 kutoka mjini. Lakini mji ule umejengwa juu ya tope la ziwa la kale, na tope lile liliyumba kwa mdundo wa kama sekunde mbili. Majengo ya kati, kama ghorofa 6 hadi 15, ndiyo yaliyoumia zaidi: yalianza kupata nyufa, yakalegea, mdundo wao ukawa wa polepole zaidi, yakaingia kwenye hatua za tope lile. Nyumba nyingi fupi zilizokuwa jirani yake zilisalimika.

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba Nakuru haifai ghorofa ndefu kwa sababu ya ufa. Baada ya vijiti vile vitatu, vijana hawasemi tena hivyo. Wanauliza, ndefu kiasi gani, juu ya udongo upi, na chini kuna nini? Wakiuliza "chini kuna nini" wanamaanisha maduka. Tazameni majengo yetu mapya: juu vyumba vyenye kuta pande zote, chini ni milango ya mabati ya kuviringisha, wazi kabisa, nguzo tupu. Ni kama mtu mnene aliyesimama kwa vijiti vya mishikaki. Mwaka 1994 huko Northridge, California, watu 16 walikufa katika jengo moja la kupangisha ambalo ghorofa yake ya chini iliporomoka, na sehemu ya chini ile ilikuwa na maegesho ya magari. Kwa hiyo si Afrika peke yake.

Sasa niwape kisa cha mandazi, maana najua kimeshafika nyumbani kikiwa kimetiwa chumvi.

Mwaka wa pili wa darasa hili, nyumba iliyoshinda ilikuwa rundo la vijiti mia mbili vilivyogandishwa pamoja kama kuni. Haikuanguka. Haikuwa na chumba pia. Nikaona nimefundisha ujinga, maana hakuna Mkenya anayejenga kwa pesa zisizo na mwisho. Kwa hiyo sasa kila kundi hupewa pesa za karatasi. Vijiti vinanunuliwa, gundi inanunuliwa, uzi wa kufungia viungo unanunuliwa kwa sentimita. Kundi mojawapo huwa wakaguzi: wanapita na orodha, wanahesabu fundo za uzi kwenye kila kiungo, wanatia sahihi. Anayebakisha pesa nyingi na nyumba yake ikasimama ndiye mshindi.

Mwaka huu siku ya sita nyumba ya kundi moja ilipita ukaguzi kwa alama safi, na ilikuwa ya bei nafuu ajabu. Tukaiweka mezani. Drili haijafika hata nusu ya mwendo, nguzo zikafunguka kwenye viungo kama mwavuli mbovu. Nikaangalia. Viungo vya mbele vilikuwa na fundo nne kila kimoja, vya nyuma vilikuwa na gundi peke yake. Mkaguzi alikuwa ametia sahihi. Nikauliza. Kimya. Mwishowe mkaguzi, mtoto wa miaka kumi na sita, akasema kwa sauti ndogo, "Walininunulia mandazi mawili."

Ndugu zangu, mimi sikuwafundisha hilo. Hakuna ukurasa wenye mandazi katika maandalizi yangu. Walikuja nalo. Tulicheka wote, mimi nikicheka kuliko wote, halafu nikaenda nyumbani nikakosa usingizi. Kesho yake sikuwahubiria. Nilimwomba mkaguzi yule akae karibu na meza, akatengeneza yeye mwenyewe viungo vya nyuma vya nyumba ile kwa fundo zilezile alizosema ameziona, nasi tukaitikisa tena. Ilisimama. Alichukua dakika arobaini, na uzi wa thamani ndogo kuliko andazi moja.

Tuje kwenye ringi, maana ndipo darasa lote lilipokuwa likielekea.

Mafundi mnajua, wazazi wengi hamjui: ndani ya nguzo ya zege kuna nondo zilizosimama, na nondo hizo zimezungushiwa vyuma vyembamba vya mraba, kimoja juu ya kingine kama ngazi. Hizo ndizo ringi. Ukiuliza watu kazi yake watasema ni za kushikilia nondo zisicheze wakati wa kumimina zege. Hiyo ni kazi ya siku moja tu. Kazi ya ringi katika tetemeko ni kuikumbatia zege isipasuke nje. Nguzo ikiyumba, zege ya ndani inataka kutawanyika, na ringi ndiyo mikono inayoizuia.

Tulilionyesha hili kwa karatasi ya manila. Mnakunja bomba la karatasi, mnalishika kwa utepe kidogo, mnalijaza mchanga, kisha mnapanga matofali juu yake. Ukilifunga kwa mipira mitano ya kufungia iliyo mbalimbali, tofali la pili linalipasua. Ukiongeza mipira ukaisogeza karibukaribu, linabeba zaidi; na katika nguzo ya kweli ringi husogezwa karibu zaidi pale chini na pale juu, nguzo inapokutana na sakafu na dari. Ukiongeza mipira zaidi, unaweza kupanda juu yake. Kijana mmoja alipanda. Picha ipo.

Halafu tukamwalika fundi. Ni mzee wa miaka mingi ya mjengo, amejenga zaidi ya nilivyosoma. Alikuja na ubao wake wa misumari na ufunguo wake wa kukunjia vyuma, akawakunjia vijana ringi kwa sekunde kama ishirini, safi kama sarafu. Miisho miwili ya chuma ikakutana kwenye kona moja, imekunjwa kwa pembe ya nyuzi 90, kama inavyokunjwa karibu kila mahali. Nikamwomba, "Mzee, tafadhali kunja nyingine, lakini miisho iendelee kuingia ndani, nyuzi 135, ishike zege ya katikati."

Akanitazama. "Mwalimu, hiyo inakula chuma."

Jibu langu lilikuwa tayari, lakini vijana waliniwahi. Mmoja akachukua chaki. Nguzo ya mita 3, ringi kila sentimita 15, ni ringi 20. Kila ringi ina miisho miwili. Kila mwisho unaongezeka kama sentimita 5. Mara mbili, mara ishirini: mita 2. Chuma cha milimita 8 kina uzito wa kama gramu 395 kwa mita. Kwa hivyo ni gramu 790, haifiki hata kilo moja. Nondo moja ya dukani ina mita 12, basi ni sehemu moja ya sita ya nondo kwa nguzo nzima.

Mzee akasoma ubao kimyakimya, midomo ikicheza. Kisha akauliza swali ambalo, kwangu mimi, ndilo lililokuwa bora kuliko yote ya wiki mbili. "Na hii ya 90 ina ubaya gani? Imeshika miaka yote." Ndipo tukaweka ringi mbili mezani, kila moja ndani ya donge la udongo mkavu kama nguzo fupi, tukazipiga kwa nyundo mpaka ganda la nje likabanduka. Ganda likishatoka, mwisho wa nyuzi 90 hauna tena cha kuushika. Ukafunguka. Ule wa 135 ulikuwa umezama ndani, ukabaki. Mzee akaokota ile iliyofunguka, akaigeuza geuza, akaiweka mfukoni mwa koti lake. Hakusema kitu. Aliondoka nayo.

Nisimsimange mtu kabla sijajisimanga mwenyewe. Nilipojenga nyumba yangu, miaka hiyo, nilitumia wiki tatu kuchagua mlango wa mbele. Mvule, wa kuchongwa, na kitasa cha shaba. Kila mgeni akiingia anausifu. Waswahili walisema nyumba njema si mlango, nami nilikuwa nimeifundisha methali hiyo kwa mitihani. Miaka iliyofuata nguzo moja ya baraza ilipata ufa, fundi akaivunja ganda ili aitengeneze, nikachungulia ndani. Ringi ya kwanza hapa. Ya pili, sentimita arobaini juu yake. Miisho imekunjwa kivivu, mingine imenyooka. Na mimi ndiye niliyekuwa nikienda kwenye mjengo kila jioni na funguo za gari mkononi, nikiuliza tu, "Tumefika wapi?" Sikuuliza hata siku moja, "Hebu nione ringi." Ningejua kuuliza nikiwa na miaka kumi na saba, nyumba yangu ingekuwa nyingine. Mlango ungekuwa wa mbao za kawaida.

Wazazi wengine wananiambia, "Mwalimu, tunataka wetu awe injinia." Inshallah. Wakifika Gredi 10 kila mtu anatafuta mkondo, na sayansi ina foleni. Lakini nikiwa mkweli, darasa hili halina haja kubwa na mainjinia. Vijana 34 wako hapa. Labda watatu wataingia uhandisi. Wale 31 waliobaki watakuwa wauguzi, makarani, wauzaji, wachungaji, madereva, na baada ya miaka kumi na tano karibu wote watajenga. Watanunua ploti ya futi hamsini kwa mia huko Kiamunyi au Bahati, watachukua mkopo wa chama, watajenga chumba kimoja kimoja kama tulivyojenga sisi, na kati yao na ardhi kutakuwa na fundi mmoja na mchoro ulionunuliwa kwa bei nafuu. Nyumba nyingi za nchi hii hujengwa namna hiyo. Mimi nawataka hao 31 wafike kwenye mjengo wao asubuhi kabla zege haijamiminwa, wachuchumae, watazame ringi kwenye kona. Zege ikishamiminwa hakuna anayeona tena kitu.

Kenya ina kanuni za ujenzi dhidi ya matetemeko tangu 1973. Ni nzuri, nimezisoma. Kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia sijawahi kuzikuta.

Ombi langu kwa wazazi ni dogo. Mtoto wako akija kwenye mjengo wako Jumamosi akasema anataka kuhesabu ringi, usimfukuze na "watoto wa siku hizi." Mpe utepe wa kupimia. Na mafundi, akiwauliza kwa nini, mjibuni. Msipokuwa na jibu, mwambieni hivyo, naye ataleta swali hapa, nasi tutalipigia nyundo pamoja. Mwaka ujao tunataka kuwachukua hadi Subukia kwa siku nzima waone ukingo ule wenyewe. Tumekosa gari tu. Mwenye basi la shule na moyo mwepesi anione baada ya chai.

Mama wa safu ya tatu, uliuliza tunazivunja kwa nini. Tunazivunja ili tuone kiungo kinafunguka wapi. Kwa nyumba ya kweli, siku ya kuona ni siku moja tu, nawe uko ndani.

Sasa vijana wa nyuma, leteni nyumba zenu. Kundi la kwanza, ondoeni mikono. Fundi, washa drili, polepole kwanza. Na mama, kama hutajali, njoo hapa mbele unisaidie. Chukua hii chupa ya maji. Ni ya nusu lita. Iweke juu ya paa la kundi la tatu, pale katikati, taratibu, mwanao ananitazama kwa jicho baya.